Faili Limeenda Wapi?

Tovuti ndogo ya walimu wa Masisi, Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, iko karibu kukamilika, na limebaki jambo moja ambalo hatujakubaliana. Inakusudiwa kuweka masomo ya marudio kwa watoto waliotawanywa na mapigano ya Januari 2025 kutoka Lushebere, mji wa Masisi na vijiji vya jirani, wengi wao bila hata daftari moja mkononi. Kila somo ni faili la kupakua. Vijana wanaoijenga, hodari na wenye moyo, wanasema hakuna haja ya kuandika namna ya kulipakua na kulifungua. Kwao hayo ni mambo ya zamani: siku hizi mtu anabonyeza tu, faili linafunguka, na maneno mengi yanachafua ukurasa. Wakubwa kati yetu wanataka maelekezo yawepo. Nimeombwa nitoe maoni, na badala ya kuyatoa kwa sentensi mbili katika mkutano, nimeona nieleze nilikoyatoa.

Kwa miaka mingi nilikuwa na biro ya kuchapa na kunakili makaratasi Lushebere, kando ya barabara inayopanda kwenda mji wa Masisi. Ilikuwa na kompyuta moja, mashine ya fotokopi na jenereta, na baadaye paneli za jua. Walikuja walimu, wauguzi wa hospitali ya Masisi, viongozi wa vyama vya wakulima, na watu waliokimbia vita wakaishi kwenye kambi iliyokuwa hapo hapo Lushebere. Wengi hawakuja na karatasi. Walikuja na flashi, au na simu, na ombi lao lilikuwa lile lile: kuna kitu humu ndani, nifungulie.

Lakini kumbukumbu ya kwanza ni ya kabla ya biro, wakati mimi mwenyewe nilikuwa upande wa waombaji. Nilishuka Goma kutafuta fomu ya mafunzo. Mji ulikuwa unajengwa upya juu ya lava ya Nyiragongo iliyoshuka tarehe 17 Januari 2002, na siberi, yaani vyumba vya intaneti ya kulipia, zilikuwa zimeanza kufunguliwa katika vyumba ambavyo sakafu yake ilikuwa bado mawe meusi. Ulilipa kwa muda. Niliupata ukurasa wa fomu, na chini yake paliandikwa kwa Kifaransa kwamba ili kulisoma faili hili ni lazima uwe na programu ya Adobe Reader, ubonyeze hapa kuipata. Nikabonyeza. Programu ilikuwa na uzito wa mega nyingi, na mashine zote za chumba kile zilinyonya kutoka dishi moja la setelaiti. Muda wangu ulikwisha mstari wa kijani ukiwa haujafika hata nusu. Mwanafunzi aliyekaa jirani ndiye aliyeniambia nimwone kijana wa mlangoni, kwa kuwa anayo programu hiyo kwenye CD na anaisakinisha kwa dakika chache bila intaneti. Ikawa hivyo. Fomu yenyewe ilishuka haraka, maana ilikuwa nyepesi mno ukilinganisha na kile nilichoambiwa nikipakue kwanza.

Miaka baadaye nilisoma mstari ule umetoka wapi. Marekani iliirekebisha mwaka 1998 sheria inayojulikana kama Sehemu ya 508, ili watu wenye ulemavu waweze kutumia mitambo na kurasa za serikali kuu. Kanuni zake, zilizotangazwa Desemba 2000, zilidai kwamba ukurasa ukihitaji programu nyingine ili yaliyomo yasomeke, basi uweke kiungo cha programu hiyo. Ni kanuni ya heshima. Iliwalazimisha maofisa wakumbuke kwamba si kila mtu ana kifaa kama chao. Ila ilidai kiungo tu; haikudai mtu aambiwe uzito wa kilicho nyuma ya kiungo, wala kwamba ipo njia nyingine. Na mstari ulipoenea duniani, hadi kwenye tovuti ambazo sheria ya Marekani haiwahusu, ulienea ukiwa umekauka: unahitaji programu fulani, bonyeza hapa. Siku ile Goma nilielewa kwamba maelekezo yanaweza kumwongezea mtu gharama. Yule kijana wa mlangoni alikuwa maelekezo bora kuliko ukurasa, kwa sababu aliona mfuko wangu na saa yangu.

Katika biro, miaka iliyofuata, tatizo lilikuwa kinyume: hapakuwa na maelekezo yoyote.

Yeyote aliyetafuta kazi Kivu ya Kaskazini wakati ule anaijua P11, fomu ndefu ya Umoja wa Mataifa ya kueleza maisha yako, masomo yako na kazi zako zote. Mashirika mengine yalikuwa na fomu zao zilizofanana nayo. Jioni moja alikuja muuguzi kijana, mtoto mgongoni, na flashi aliyotumiwa na ndugu yake wa Goma. Ndani mlikuwa na fomu ya shirika moja, na siku ya mwisho ya kuipeleka ilikuwa kesho yake. Kompyuta yangu ilikuwa na Word ya mwaka 2003. Nilipolifungua faili, skrini ilijaa alama zisizosomeka, kurasa kwa kurasa. Muuguzi alinitazama usoni ajue kama kazi imepotea.

Kilichotokea ni kwamba Microsoft ilikuwa imebadilisha muundo wa mafaili yake na Office ya mwaka 2007, kutoka .doc kwenda .docx, na Word za zamani hazikuweza kuyasoma hayo mapya bila kuongezewa kifurushi. Kifurushi kilitolewa bure kwenye intaneti. Lushebere jioni ile hapakuwa na intaneti.

Aliyetuokoa ni mwanalojistiki wa shirika jingine aliyekuwa amekwama kwetu kwa sababu ya matope ya barabara. Alizitazama alama zile, akaonyesha herufi mbili za mwanzo kabisa: PK. Akasema hizo ni alama za Phil Katz, Mmarekani aliyetengeneza muundo wa ZIP mwaka 1989, na faili lolote linaloanza na PK ni mfuko uliofungwa, hata kama jina lake linasema vingine. Akabadilisha herufi za mwisho wa jina, akafuta docx akaandika zip. Mfuko ukafunguka. Ndani mlikuwa na mafaili mengine madogo, na katika mojawapo maneno yote ya fomu yalikuwepo, yamechanganyika na alama lakini yanasomeka. Tuliyaandika upya maswali yote kwa mkono wangu kwenye Word ya zamani, jedwali kwa jedwali, muuguzi akijibu huku ananyonyesha. Alfajiri alipanda pikipiki kwenda Goma na flashi yake. Mwanalojistiki naye aliondoka magari yalipopita, na jina lake sikulishika, lakini mbinu ile niliitumia mara nyingi baadaye kwa wengine.

Ninaikumbuka kazi ya usiku ule kila ninaposikia kwamba maelekezo ni kwa ajili ya watu wasiojua. Muuguzi yule alijua mambo mengi kuliko mimi. Alijua kumpima mtoto utapiamlo na kumzalisha mama kwa mwanga wa tochi. Hakuna elimu aliyokosa ambayo ingemfungulia faili lile. Kilichokosekana kilikuwa sentensi moja kutoka kwa aliyeliweka: faili hili ni la Word ya 2007 na kuendelea, kama huna, chukua hili la pili. Ukiitazama sentensi hiyo vizuri utaona kwamba haiwezi kuandikwa mpaka faili la pili liwepo. Mwenye kuweka faili angekaa kuandika maelekezo, angegundua kwamba amewafungia watu mlango, naye angetengeneza wa pili kwa dakika moja, kwa kubonyeza tu sehemu ya kuhifadhi kwa muundo wa zamani. Ndiyo maana nasema maelekezo yanamfundisha mwandishi kabla ya kumfundisha msomaji. Yanamkalisha mahali pa mtu mwingine. Asipoyaandika, hakai hapo kamwe.

Kuna somo jingine nililipata kwa wazee wawili waliokuwa na ugomvi wa ardhi. Masisi ardhi ndiyo chanzo cha mengi. Malisho makubwa, mashamba ya maharage na viazi, kila kilima kina mwenye hati na kina mwenye kaburi la babu yake, na mara nyingi si mtu mmoja. Wazee hawa walikuwa wamesikia kuhusu sheria ya ardhi, ile namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, na kila mmoja alidai inamtetea. Walitaka waisome wenyewe.

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa faili lililowekwa na ofisi moja: picha za karatasi zilizopitishwa kwenye skana, nzito, zimepinda, huwezi kutafuta neno ndani yake kwa sababu kompyuta haioni maneno, inaona picha. Ya pili ilikuwa Leganet, tovuti inayokusanya sheria za Kongo, ambayo imeiweka sheria hiyo kama ukurasa wa kawaida wa maandishi. Tulipanda kilima kidogo nyuma ya shule, mahali watu walipokuwa wakitafuta rezo, yaani mtandao wa simu, na nikaufungua ukurasa huo kwenye simu ndogo kwa Opera Mini. Programu hiyo hupunguza uzito wa kurasa kabla hazijafika kwenye simu, lakini faili la kupakua hailipunguzi hata kidogo. Ukurasa ulifunguka. Tulisoma kifungu cha 53, kinachosema ardhi ni mali ya Dola peke yake, na tukasoma kifungu cha 389, kinachosema haki za wanaoishi kwenye ardhi za kimila zitapangwa kwa amri ya Rais. Amri hiyo wakati ule ilikuwa haijatoka. Wazee walinyamaza kwa muda, kisha mmoja akasema, "Basi sote wawili tunangoja." Ugomvi wao haukuisha siku hiyo, ila walishuka kilima wakiwa wanazungumza na sheria ileile mikononi.

Hapakuhitajika maelekezo yoyote kwa sababu hapakuwa na faili. Nataka vijana wetu walipime hili kwanza kabla ya kubishana juu ya maelekezo. Mtafiti wa matumizi ya tovuti, Jakob Nielsen, alishaandika mwaka 2003 kupinga tabia ya kuwasomesha watu PDF kwenye skrini. Alisema muundo huo ni wa kuchapa karatasi. Serikali ya Uingereza nayo huwaelekeza waandishi wa tovuti yake watangulize kurasa za kawaida badala ya PDF. Masomo yetu mengi ni maandishi na hesabu chache. Somo la Kifaransa la darasa la tano linaweza kuwa ukurasa. Kwa nini liwe faili?

Mwalimu mmoja mstaafu, asiyeona, alinifundisha upande mwingine wa jambo hilo hilo. Mjukuu wake alimwekea kwenye simu programu inayosoma maandishi kwa sauti. Kurasa za kawaida ilizisoma. Picha ya karatasi ilipofunguliwa, simu ilikaa kimya, na mzee aliuliza kama imezimika.

Hata hivyo siwezi kusema mafaili yaondolewe yote, na sababu yake ni ya kwetu. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 serikali ilikata intaneti nchi nzima kwa karibu wiki tatu. Katika siku hizo ukurasa mzuri kuliko yote ulikuwa haupo. Aliyekuwa amepakua faili alikuwa nalo. Walimu wa Lushebere walipeana masomo kwa Bluetooth na kwa Xender, simu kwa simu, chini ya paa la kanisa, bila kutumia mega hata moja. Nje ya siku za kukatwa pia, minara ya Masisi huzimika vita vinapokaribia au mafuta yanapokosekana. Kwa hiyo tunahitaji vyote viwili, ukurasa wa kusoma rezo inapokuwepo na faili la kubaki nalo inapoondoka. Na faili likiwepo, maelekezo nayo yawepo.

Sasa nifike kwenye hoja yao kwamba faili hufunguka lenyewe. Kwenye kompyuta ni kweli. Chrome ilianza kufungua PDF bila programu nyingine mwaka 2010, na Firefox ikafuata Februari 2013. Mtu aliyejifunza intaneti kwenye kompyuta ya chuo kikuu Goma ameishi ndani ya urahisi huo maisha yake yote ya utu uzima. Lakini wazazi wa watoto wetu hawana kompyuta. Wana simu za Android za bei ya chini, zenye nafasi ndogo iliyojaa picha za harusi na video za kwaya, na kwa miaka mingi Chrome ya simu hizo haikufungua PDF. Ililishusha faili tu, kimya, ikaonyesha kijistari chini ya skrini kwa sekunde chache, kisha kijistari kikaondoka.

Swali nililoulizwa kuliko yote katika miaka ya mwisho ya biro lilikuwa: limeenda wapi?

Mama mmoja muuza maziwa alikuja akiwa na hasira ya haki. Mtoto wake alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa Taifa, na kulikuwa na vitabu vya mazoezi vya kupakua. Alikuwa amenunua mega, amepanda kilima, amebonyeza, na hakuona kitu. Akabonyeza tena. Akarudi siku ya pili na mega nyingine, akabonyeza tena. "Papa," aliniambia, "nimelipa, nimengoja, na simu imekula pesa yangu bila kunipa kitabu." Nilifungua sehemu ya mafaili ya simu, mahali panapoitwa Downloads, ambapo hakuwahi kufika kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba papo. Kitabu kilikuwepo. Kilikuwepo mara kadhaa: nakala ya kwanza yenye jina lake, ya pili yenye (1) mwishoni, inayofuata (2), na kuendelea, kila moja ikiwa imelipiwa kwa maziwa. Na jina lenyewe halikusema lolote juu ya hesabu wala darasa. Lilikuwa mfululizo wa herufi na tarakimu, jina ambalo aliyelitengeneza faili aliliandika akiwa kazini kwake, akijua yeye mwenyewe maana yake.

Nilifuta nakala za ziada nikamwonyesha njia ya kufika hapo, naye akairudia mbele yangu mpaka vidole vikakariri. Baada ya siku chache aliniletea jirani yake. Hakuniomba nimwonyeshe, alimwonyesha yeye, mimi nikiwa nimekaa. Maelezo yake yalikuwa mazuri kuliko yangu, kwa kuwa alianza na swali ambalo mimi sikulijua kuwa ndilo la kwanza: "Usibonyeze tena. Limeshuka. Twende tukalitafute."

Tangu hapo nikiangalia ukurasa wowote wenye faili naangalia mambo ambayo mama yule alihitaji. Uzito uandikwe kabla ya kubonyeza, kwa mega, kwa sababu mega ni pesa. Sokoni Masisi hakuna anayelipia maharage kabla ya kuona kipimo. Jina la faili liseme kilichomo: hesabu, darasa la sita, mazoezi. Na baada ya kubonyeza mtu aambiwe nini kitatokea, kwamba pengine hataona chochote, kwamba asibonyeze mara ya pili, na aende kulitafuta wapi. Mengine ni mafupi: kwamba akishakuwa nalo linafunguka bila mega, na kwamba anaweza kumpa jirani kwa Bluetooth. Haya yote ni mistari minne au mitano. Ukurasa hauchafuki kwa mistari mitano. Na lugha yake iwe Kiswahili, hata kama somo lenyewe ni la Kifaransa, maana anayebonyeza mara nyingi ni mzazi, na Lushebere mzazi anaongea Kihunde au Kinyarwanda nyumbani na Kiswahili sokoni.

Nakubaliana na vijana kwenye jambo moja. Yapo maelekezo yanayoudhi na yasiyosaidia, nami nimeyaona. Nimeona ukurasa mzima wa kumfundisha mtu kutumia kipanya cha kompyuta, kwenye tovuti inayosomwa kwa simu. Nimeona ule mstari wa Adobe Reader umebaki miaka kumi baada ya haja yake kwisha. Nimeona maelekezo ya kufungua mafaili yakiwa yenyewe yamefungwa ndani ya faili la PDF, ili asiyeweza kufungua la kwanza asiweze kufungua na la pili. Hayo yote yana asili moja: yaliandikwa mara moja, na hakuna aliyerudi kuyajaribu kwa simu ya mtu mwingine. Maelekezo ni kazi ya kurudiwa. Simu zinabadilika, Chrome ya Android imebadilika, na mstari uliokuwa msaada mwaka jana unaweza kuwa kizuizi mwaka huu. Kama hatuna mtu wa kuyapitia, basi tuandike machache yale ambayo hayachakai: uzito, jina, mahali.

Ipo sababu nyingine, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote.

Kambini Lushebere, kama katika kambi nyingine za Masisi, ujumbe ulikuwa unapita kwenye WhatsApp kutoka simu hadi simu: jiandikishe hapa upate msaada, orodha inafungwa leo. Ukibonyeza, kinachoshuka si fomu. Ni programu, jina lake linaishia na .apk, na simu yenyewe inakataa, inaonya kwamba chanzo hakijulikani. Ujumbe ulikuwa umeshajiandaa kwa onyo hilo. Ulieleza kwa Kiswahili kizuri, hatua kwa hatua, na picha za skrini zenye mishale, wapi pa kwenda kwenye mipangilio ya simu, kipi cha kuwasha, kipi cha kukubali, ili onyo liondoke na programu iingie. Kijana mmoja aliyekuwa analea wadogo zake baada ya wazazi kuuawa aliniletea simu yake ikiwa imeshafuata hatua zote. Ilikuwa inatuma ujumbe wenyewe kwa kila jina lililomo, na salio alilotumiwa na shangazi yake wa Bukavu lilikuwa limeondoka.

Alinionyesha ujumbe ule kwa mshangao. "Papa, walinieleza vizuri," alisema. "Watu wa kweli hawanielezi hivyo."

Nimelibeba neno lake tangu siku hiyo. Wezi walikaa wakamfikiria yeye. Walijua ana simu ya aina gani, ataogopa wapi, atakwama wapi, wakamwandikia kwa lugha yake. Ofisi zilizokuwa na msaada wa kweli ziliweka kiungo kikavu cha Kifaransa na kumwachia ajitafutie. Mtu anayeachwa peke yake mbele ya faili anajifunza kumtii yeyote atakayemshika mkono, na sisi, tukikaa kimya kwenye kurasa zetu kwa ajili ya usafi wa macho, tunawaachia wezi kazi ya ualimu.

Kwa hiyo ombi langu kwa tovuti yetu ni kwamba kwenye ukurasa wa kwanza, juu ya masomo yote, yaandikwe kwa herufi za kawaida maneno haya au yanayofanana nayo: Mafaili yetu yote yanaishia na .pdf. Uzito wa kila moja umeandikwa pembeni yake. Hatutakuomba usakinishe programu yoyote, wala ubadilishe mipangilio ya simu, wala utoe namba yako. Kikishuka kitu kinachoishia na .apk chenye jina letu, hakikutoka kwetu. Usikifungue, kifute, na umwambie mwalimu. Vijana wameniuliza ujumbe huo ukae siku ngapi kabla hatujauondoa. Nimewaomba ukae muda wote tovuti itakapokuwepo, na kwamba redio za kule zipewe nakala yake, ili hata ambaye hajawahi kuufungua ukurasa wetu aujue siku atakapotumiwa kiungo.